Mchimbaji Asiyeruka

Wasifu wa marehemu ulikuwa na mistari kumi na moja, na aliyeuandika na kuusoma ni Violeth Matonya, dada yake wa kuzaliwa. Raphael Matonya alizaliwa Kongwa mwaka 1989. Alisoma shule ya msingi, akasoma sekondari, akajifunza ufundi wa simu. Alikuwa na kibanda chake Dodoma mjini. Hakuoa, hakuacha mtoto. Aliugua figo kwa miaka miwili. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Violeth akakunja karatasi, na kabla hajarudi kwenye kiti alimsikia mama mmoja wa kwaya akimwambia mwenzake, kwa sauti ambayo pengine alidhani ni ya chini, "Mbona fupi hivyo?"

Neno lile lilimchoma, na lilimchoma pale panapouma hasa, kwa sababu kuandika maneno ya watu ndiyo kazi yake. Kwa miaka kumi na minne Violeth amekaa kwenye chumba cha taarifa rasmi za Bunge, vifaa vya kusikilizia masikioni, mguu juu ya pedali ya kurudisha sauti nyuma, akiandika waliyosema waheshimiwa. Mheshimiwa akisema "Mimi, eeh, mimi naomba, naomba, yaani, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba," Violeth huandika "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba," na mheshimiwa akisoma kesho yake hujiona msemaji wa kutisha. Wenzake humwita Fagio. Mwenye fagio hilo alishindwa kujaza hata ukurasa mmoja kwa ajili ya mtu aliyezaliwa naye tumbo moja.

Sheria moja tu ya kazi ile humnyang'anya fagio. Muda wa mzungumzaji ukiisha na kengele ikalia, sentensi huachwa ilipokatikia, hata kama limebaki neno moja, hata kama kila mtu analijua neno lenyewe. Mwandishi huweka mabano na kuandika: Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Violeth aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na sheria hiyo ndiyo iliyompa shida kuizoea kuliko zote.

Ukweli ni kwamba kazi ya kumalizia watu maneno aliianza zamani, akiwa na miaka tisa. Raphael alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kugonga gonga herufi peke yake. Chake kilikuwa cha kusimama. Alikuwa akifika katikati ya sentensi, anafunga macho, kimya kinaingia, na watu wanaanza kutazama viatu vyao. Violeth hakukiweza kimya kile. Dukani Raphael akisema "Naomba sa..." dada yake alishadakia "Sabuni!" na mwenye duka alishampa. Watu wakamsifu, mtoto huyu ana huruma kweli, anampenda mdogo wake. Kweli alimpenda. Lakini siku nyingine Raphael alitaka samli, wakarudi nyumbani na sabuni, na Raphael hakusema kitu.

Mtu pekee asiyemdakia alikuwa mama yao, Yudith. Yeye aliacha kupepeta, akaweka ungo mapajani, akangoja.

Palikuwa na kitu kingine kisichomdakia. Kwenye banda la video la mzee Bartolomayo, pale Kongwa, palikuwa na gemu la kuchomeka kwenye televisheni, na kanda moja tu ambayo maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyejua jina lake. Watoto walimwita mtu wa ndani yake Mchimbaji, kwa sababu alivaa kofia yenye taa na kukimbia kwenye mashimo ya machimbo. Kazi yake ilikuwa kukimbia, kuruka mashimo na kuwakwepa popo. Popo akimgusa, anamrusha nyuma hatua tatu na taa inafifia. Taa ikizimika, amekufa. Kulikuwa na machimbo manane, na mwisho wa la nane palikuwa na mlango wa kutokea juani. Raphael alimfikisha Mchimbaji juani akiwa darasa la nne. Violeth alikua, akaolewa, akahamia Kikuyu hapo Dodoma, akalisahau banda lile na kila kilichokuwa ndani yake. Raphael hakulisahau.

Jumapili moja ya Januari mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya kufa, alikwenda Kikuyu kumwona dada yake. Alikuwa amekonda, uso umevimba kidogo kwa ugonjwa. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akasema, "Dada, kuna kitu ni... nimefanya. Nataka ni..." Akafunga macho.

"Unataka kwenda India kwa matibabu," akasema Violeth. Raphael akatikisa kichwa. "Umepata mchumba?" Akatikisa kichwa tena. "Deni? Niambie tu, Rafa, tutalipa."

Raphael akafungua macho, akatabasamu. "Basi tu," akasema. Akaomba chai nyingine.

Kijana aliyekuja kumweleza Violeth kitu chenyewe alikuja wiki moja baada ya maziko, na alikuja na kompyuta mpakato ya Raphael ndani ya begi la mgongoni. Aliitwa Mudrick, mtu wa Kondoa, fundi mwenzake wa kibanda cha jirani. Akasimama mlangoni hadi akaribishwa mara mbili.

"Shikamoo dada. Pole sana."

"Marahaba. Tumekwisha poa. Kaa."

Mudrick akaifungua kompyuta mezani na kueleza taratibu, kama anayejua kwamba anaweza kuchekwa. Gemu la kanda linaweza kuchezwa ndani ya kompyuta, kwa programu inayojifanya ile mashine ya zamani. Sekunde moja ya gemu ni picha sitini. Programu inakuruhusu kusimamisha kila picha, uchague kitufe cha kubonyeza, usogee picha moja mbele, usimame tena. Ukikosea, unarudi nyuma na kujaribu upya, hata mara elfu. Mwisho unabaki na orodha ndefu ya vitufe, na orodha ile ukiirudishia programu, Mchimbaji anajichezea mwenyewe kwa ukamilifu ambao mkono wa mtu hauwezi kuufikia. Duniani kuna watu wanaofanya hivyo. Wana tovuti, wana waamuzi, wana orodha ya walioshinda.

"Kama pedali yangu," akasema Violeth. "Unarudisha nyuma mpaka upate neno."

"Hivyohivyo, dada. Sasa Rafa alijiwekea sharti lake. Amalize gemu zima bila kubonyeza kitufe cha kuruka hata mara moja."

Violeth akakumbuka mashimo. "Atavukaje?"

Mudrick akamwonyesha. Mchimbaji alikimbia hadi ukingoni mwa shimo, akageuka, akalipa shimo mgongo. Akasimama. Popo akaja kutoka gizani, akampiga kifuani, na Mchimbaji akarushwa nyuma hatua tatu, juu ya shimo, hadi ng'ambo. Taa ikafifia kidogo. Akageuka, akakimbia. Kile ambacho watoto wote wa Kongwa walikikimbia, Raphael alikigeuza daraja.

Miaka sita, alisema Mudrick. Asubuhi kabla ya wateja, na mwishoni hospitalini, akiwa amechomekwa mirija ya kusafisha damu kwenye mkono mmoja na kuandika kwa mkono mwingine. Alikuwa amefika shimo la mwisho kabisa, lile la mbele ya mlango. Pale hapana popo. Watu wote duniani wanaocheza kwa mtindo huo hulivuka kwa mruko mmoja, na orodha yao huitwa hivyo, ya mruko mmoja. Raphael aliamini njia ya bila mruko ipo. Kwenye mstari wa mwisho wa faili lake aliacha maneno matatu: Njia ipo. Nisubirini.

Mudrick alipoondoka, Violeth alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kisha akafuta machozi na kuapa. Siku ya arobaini, watakapokwenda Kongwa kuanua matanga, atasoma wasifu mpya, wa haki, na watu wataona kwa macho yao Raphael alikuwa nani. Muda aliokuwa nao ulikuwa siku thelathini na mbili.

Na hapo Fagio akafanya lile ambalo Fagio peke yake angeweza kulifanya. Asubuhi iliyofuata alilifungua faili kama maandishi. Mistari elfu sabini na kidogo, kila mstari picha moja. Herufi ya kulia, herufi ya kushoto, na katikati yake, mahali pengi mno, mistari mitupu. Hakuna kitufe. Hapa mistari arobaini, pale mia moja na ishirini. Alijua gemu hili linashindaniwa kwa muda. Alijua mdogo wake aliandika akiwa mgonjwa, pengine amesinzia na kidole kikaendelea. Aliona vile vimya, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya tangu dukani. Kwa siku tatu, kabla ya kwenda kazini, akasafisha. Aliondoa kila mstari mtupu, kuanzia chimbo la kwanza hadi la nane, akahifadhi juu ya faili lilelile, akajisikia amemfanyia marehemu jambo la maana.

Kisha akaliendesha. Mchimbaji akakimbia hadi shimo la kwanza, akageuka, na bila kungoja akarudi nyuma mwenyewe na kutumbukia. Popo alifika baadaye, akapita mahali ambapo hapakuwa na mtu. Gemu likaanza upya, lakini vitufe havikujua. Viliendelea na safari ya mtu aliyekuwa mbele sana, na Mchimbaji akawa anakimbilia ukuta, anageuka, anakimbilia ukuta tena, kwa dakika kumi na tano, mpaka Violeth akafunika kompyuta kwa mikono yake miwili.

"Dada," alisema Mudrick, Violeth alipompigia simu na kumweleza, "ile mitupu haikuwa mitupu. Alikuwa anamsubiri popo."

Kabla Violeth hajajibu, Mudrick alimwambia pia kwamba alikuwa na nakala, ila ya Novemba. Ilifika mwisho wa chimbo la sita. La saba na la nane yalikuwa kwenye faili lile tu.

Kuna methali isemayo subira huvuta heri, na Violeth ameiandika mara zisizo na idadi, kwa kuwa hakuna mheshimiwa asiyeipenda. Kuiandika ni rahisi. Mwezi wa Machi mzima alijifunza maana yake. Alikuwa na vitufe vyote vya chimbo la saba na la nane, kwa mpangilio wake sahihi. Kilichokosekana ni vimya, na kila kimya kilikuwa na urefu wake. Alilazimika kumsimamisha Mchimbaji mahali, amwongezee picha moja ya kungoja, aone, aongeze ya pili, aone, ya tatu, na kuendelea, hadi popo afike na vitufe vya Raphael vilivyofuata viwe na maana tena. Pakipungua picha moja, Mchimbaji alikufa. Ikizidi moja, alikufa. Shimo la tatu la chimbo la saba lilitaka picha mia mbili na kumi na nne, na Violeth alizipata baada ya siku nne.

Alipozipata, mstari uliofuata ulikubali wenyewe, na uliofuata, na Mchimbaji akavuka na kukimbia vilevile alivyoachwa na mwenyewe. Violeth alisimama, akazunguka meza akilia, akakaa tena. Ilikuwa kama kumsikia Raphael akiendelea na sentensi baada ya kufungua macho. Katika miaka thelathini na minne ya kuishi naye, hakuwahi hata siku moja kumngojea hadi hapo. Hilo alilijua sasa, na hakuna wa kumwomba radhi.

Siku tatu kabla ya arobaini alimfikisha Mchimbaji kwenye shimo la mwisho. Yote yalikuwa yamerudi. Mudrick alikuja kutazama, akashika kichwa kwa furaha, halafu akasema jambo alilokuwa amelificha.

"Dada, nimepiga hesabu. Tukimwekea mruko mmoja hapa, mmoja tu, anatoka juani sekunde tatu kabla ya yule wa kwanza duniani. Jina la Rafa linakaa juu ya orodha. Tukiacha hivi, ni kazi isiyokwisha, na kazi isiyokwisha hawaiingizi popote."

Violeth alikijaribu kitu hicho siku hiyohiyo. Alinakili faili, akaongeza mruko mmoja na hatua tisa za kulia. Mchimbaji akaruka, akapita mlangoni, jua likatokea, na maandishi ya Kijapani yakapanda juu taratibu. Lilikuwa jambo zuri kuliona. Aliandika kwenye wasifu mpya, "Alikuwa wa kwanza duniani," akalitazama neno hilo, akamfikiria mama wa kwaya. Akamfikiria mama yake mwenyewe, aliyewahi kuambiwa na jirani kwamba mwanawe fundi anacheza michezo ya watoto. Alikwenda Kongwa na mafaili yote mawili, na hakujua atafungua lipi.

Uani kwa mama Yudith walikaa watu kama hamsini. Sala ilikwisha, chakula kikaliwa, nguo za marehemu zikagawiwa. Baba mdogo Methusela, msemaji wa familia, akasimama na kusema kwamba dada wa marehemu ana neno. Televisheni ya jirani iliwekwa juu ya meza chini ya turubai, na Mudrick akaunganisha waya. Violeth akafungua lile lenye mruko. Alijiambia kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mama.

Watu walicheka mwanzoni, wengine kwa kuliona gemu la mzee Bartolomayo baada ya miaka yote ile. Kicheko kikapungua walipoona Mchimbaji haruki. Popo wa kwanza akampiga, akavuka, na mtu mmoja akasema "Ala!" Kwenye shimo la tatu la chimbo la saba Mchimbaji alilipa shimo mgongo na kusimama.

"Imekwama?" akauliza baba mdogo Methusela. "Mudrick, hebu gusa waya."

"Msiguse," akasema mama Yudith. Alikuwa amekaa mbele, juu ya kigoda, mikono mapajani. "Haijakwama. Hapo anatafuta neno."

Popo akaja, Mchimbaji akavuka. Mama akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia zamani, ungo ukiwa mapajani.

Violeth hakuweza kumtazama. Alitazama kidole chake mwenyewe. Chimbo la nane likaja, mashimo yakapita moja baada ya jingine, taa ya Mchimbaji ikiwa imefifia kiasi cha kutoonekana vizuri. Akafika shimo la mwisho. Zilibaki picha chache kabla ya mruko ambao Raphael hakuuandika, na katika picha hizo Violeth alijiona dukani, ana miaka tisa, anasema "Sabuni!" Akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Nyuma ya watu Mudrick aliinuka nusu, mdomo wazi, kisha akakaa. Jina la Raphael Matonya halimo kwenye orodha ile hadi leo.

Violeth akachukua karatasi. Zilikuwa kurasa tatu. Alikata mstari mmoja kwa kalamu hapohapo mbele ya watu, kisha akasoma. Alisoma juu ya samli na sabuni, na juu ya siku ile ya Januari na kikombe cha chai. Alisoma juu ya miaka sita na mkono mmoja, na juu ya vimya alivyovifuta na namna alivyovitafuta tena. Sauti yake ilikatika mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyemsaidia, akaimalizia mwenyewe. Mwisho akasoma: "Raphael alisema njia ya kuvuka bila kuruka ipo, na kwamba tumsubiri. Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji."

Akakunja karatasi. Baba mdogo Methusela akaanza kuinuka ili afunge kwa sala, lakini mama Yudith alimwekea mkono kwenye goti, akamgeukia binti yake.

"Hajafika?"

"Hajafika, mama."

"Wewe unajua kilichobaki?"

"Ninachojua mimi sicho alichotaka kusema."

Mama Yudith akasogeza kigoda chake karibu na televisheni, ambapo Mchimbaji alikuwa amesimama ukingoni na taa yake ndogo, akapapasa nafasi iliyo kando yake.

"Basi njoo ukae," akasema. "Tumsubiri kidogo."

Violeth akaenda, akakaa chini karibu na mama yake, akaweka mikono mapajani.